Makucha ya Karani

2 Machi

Kwako binti yangu wa kwanza, uliye huko kwenye chuo cha uuguzi.

Daftari hili ni lile uliloniachia ukasema, "Mama, simu ukishika unalia tu, husemi kitu. Andika kila siku hata mstari mmoja, mvua zikiisha mpe dereva wa lori aniletee." Basi leo mvua ya kwanza imepiga bati, nami nimeanza. Mwandiko usiucheke, mkono huu umezoea chaki ya kitambaa.

Baba yenu mzima, anakusalimu. Macho mekundu vile vile, miwani ya kuchomelea anaivaa kichwani kama kofia. Bibi yako anakusalimu, magoti yanamsumbua, mdomo haumsumbui. Shangazi yako anakusalimu, bado anasuka watu saluni, na bado anadai mimi nilimroga kaka yake maana mtu mwenye akili zake asingenioa. Mdogo wako Kijino anakusalimu mara nyingi sana, amesema niandike mara mia. Lile pengo lake limeanza kuota jino lakini jina limeshakaa, halitoki tena. Mke wa seremala hapo jirani anakusalimu na anauliza utarudi lini umtazame mguu. Hata cherehani inakusalimu, nimeitia mafuta, nina oda ya sketi arobaini za shule.

Na Karani wako anakusalimu. Amekuwa jitu la paka. Manyoya yamekuwa marefu, ukimwona shingoni utadhani amevaa koti la kuazima. Bado analala juu ya daftari langu la vipimo, kama karani wa ofisi asiyetaka kuhudumia mtu. Ila tabia yake siku hizi siielewi. Ijumaa alimparura Kijino mkononi, na Kijino hakumfanya kitu.

3 Machi

Mvua. Sketi nne.

5 Machi

Leo kamuuma bibi yako. Alikuwa kitandani anamkuna kichwa kama kila siku, mkono ukateremka nyuma ya masikio, mara nikasikia "Yalaa!" Meno yamezama kwenye kidole gumba, damu tone tone juu ya shuka. Bibi akasema, "Huyu si paka, huyu ana kesi na mimi." Shangazi yako akajibu, "Mama, wewe ulitufinya sisi miaka yote hatukukuuma. Mshukuru Mungu ulizaa watu."

Baba yenu aliporudi akavua ndala, akampiga mbili za mgongoni. Karani hakukimbia. Aligeuka akapuliza kama mafuta ya moto yaliyomwagiwa maji. Nilishangaa, kwa sababu paka akipigwa hukimbia.

8 Machi

Amekojolea sketi tisa. Tisa zilizokwisha pigwa pasi. Harufu yake haitoki kwa sabuni wala kwa jua, na jua lenyewe hakuna.

Nilichukua futi yangu ya mbao nikampiga. Nilimpiga mpaka futi ikapasuka kwenye inchi ya ishirini. Kijino alisimama mlangoni ameziba masikio, si macho. Nilipomaliza nilikuwa natweta, na mkono ulioshika futi ndio ule ule uliokuwa ukimpa maziwa alipokuwa mdogo kama soksi iliyokunjwa.

9 Machi

Nimeazima futi.

12 Machi

Mke wa seremala anasema nijaze chupa ya kupulizia maji, akileta ukaidi nimpulizie usoni. Bibi anasema maji ni mchezo, mnyama mkaidi dawa yake njaa. Tumefanya yote mawili. Amelowa na ana njaa, na leo kamrukia shangazi yako kwenye paja, kamchana gauni na nyama yake. Shangazi akapiga kelele, "Wifi, mfunge huyo paka wa mwanao! Mimi nimekuja hapa kukaa, sikuja kuliwa!" Anasema hivyo kila mara akimaanisha kwamba nyumba hii ni ya kaka yake na makosa ni yangu.

Nimemshona gauni. Paja amefunga kitambaa.

15 Machi

Vita kamili. Baba yenu aliinama kufunga kamba za viatu, Karani akatoka chini ya kochi akamng'ata nyuma ya mguu, akang'ang'ania. Baba yenu alimpiga teke akaenda kugonga ukuta. Ule mgongano niliusikia kwenye meno yangu. Karani akadondoka, akasimama, akatikisa kichwa, akarudi tena. Akapigwa teke la pili. Kijino alijitupa katikati akapigwa bila kukusudiwa, akaanguka. Hapo tena baba yenu akanigeukia mimi: "Mama watoto, mimi nitamuua huyu mnyama. Nakwambia mbele ya mama yangu, nitamuua."

Sisi watu watano na yeye mmoja, na anatushinda.

Nilimwambia asubiri, ni paka wako, nitakwambia nini? Akasema, "Mwambie alituachia chui."

18 Machi

Nimemfungia stoo, kwenye magunia ya mabaki ya vitambaa. Chakula nasukuma kwa chini ya mlango kwa kutumia futi.

19 Machi

Mvua. Analia.

20 Machi

Mvua. Analia. Sketi moja tu.

21 Machi

Mvua. Amenyamaza, na hiyo kwangu ni mbaya zaidi.

24 Machi

Naandika nimekaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda cha Kijino, yeye amelala. Ni saa kumi na moja ya jioni. Mwandiko umezidi kuharibika, soma polepole.

Asubuhi nilikuwa naweka malinda. Bibi anasinzia, shangazi yako ameenda saluni. Kijino alivuta kiti akafungua komeo la stoo, kikombe cha maziwa mkononi. Ameniambia baadaye kwamba alitaka kumwomba Karani msamaha kwa ajili yetu wote. Akamkumbatia shingoni kwa mikono miwili, vile anavyonikumbatia mimi.

Nilisikia kelele nikajua kabla sijafika. Karani alikuwa juu ya uso wake. Juu ya uso, binti yangu. Makucha ya mbele yamekamata nywele, ya nyuma yanachimba shavu kama kuku anavyochakura. Nilimkamata mkia nikavuta, akaja na ngozi. Nikamtupa, akagonga mlango, akarudi. Akarudi! Nikampiga teke kwa mguu unaokanyaga cherehani miaka kumi na tisa, akaingia chini ya magunia.

Kijino hakuwa analia. Alisema tu, "Mama, jicho langu lina maji." Hayakuwa maji.

Nilimbeba mpaka zahanati bila viatu, mimi wala yeye. Nyusi imepasuka, kope imechanika kidogo, shavu lina mistari minne mpaka karibu na mdomo. Nimeshona maisha yangu yote, leo ndiyo mara ya kwanza kuona sindano inaingia kwa mwanangu. Mishono saba. Niliihesabu, na mmoja haukunyooka, nikataka kumwambia muuguzi afumue. Jicho lenyewe limepona, alisema jicho lipo salama, nikamwomba aseme tena, akasema tena. Kisha akamchoma sindano za kichaa cha mbwa, maana hata paka huambukiza. Akasema kitu kingine pale lakini nilikuwa namtazama mtoto.

Baba yenu alikuja nyumbani mbio, glavu zake za ngozi za kuchomelea bado mikononi. Aliingia stoo akafunga mlango. Tulisikia magunia yanapigwa, kitu kinavunjika, sauti ya Karani ambayo sitaki kuiandika. Akatoka ameshika gunia kwa shingo, gunia linaruka lenyewe. Akachukua kipande cha nondo akalipiga mara tatu pale pale sakafuni. Bibi akasema, "Ongeza." Shangazi yako alikuwa amerudi, yeye na mdomo wake wote ule akageuka ukutani.

Baba yenu akasema, "Leta kamba nifunge."

Sikuleta kamba. Nilileta sindano ya magunia na ule uzi mnene, nikapiga magoti, nikalishona lile gunia mdomo. Linajitikisa nami nashona. Kucha moja ilitokeza ikanipata kiganjani, nikaendelea. Baba yenu akasema, "Inatosha, mama watoto." Nikamwambia bado. Nikarudia mstari wa pili juu ya ule wa kwanza, nikakaza fundo, nikakata uzi kwa meno.

Akaenda nalo mtoni. Mto umejaa mpaka unagusa mbao za daraja. Amerudi amelowa, hana gunia. Akasema, "Yamekwisha." Nikasema afadhali.

Usinichukie. Au nichukie, lakini kwanza mtazame mdogo wako alivyovimba.

25 Machi

Kijino kamuuliza bibi yake Karani yuko wapi.

"Amesafiri."

"Kwa miguu?"

"Kwa maji." Bibi akamfinya mkono. "Na hili liwe somo kwako. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Uliambiwa usifungue stoo, hukuambiwa?"

"Guu langu zima, Bibi. Ni uso."

Shangazi yako alicheka mpaka akalia, kisha akawa analia kweli. Akachukua chanuo, akamsuka Kijino mtindo wa kuficha bandeji.

27 Machi

Leo sindano ya pili. Muuguzi ni yule yule, msichana tu, angeweza kuwa wewe. Akaniuliza, "Paka anaendeleaje?"

Nikasema tumeshamtupa mtoni.

Aliweka chini kila alichoshika. "Mama, nilikwambia nini juzi? Nilikwambia msimuue, mfungieni siku kumi tumwangalie. Ukanijibu umesikia." Kumbe ndicho kile kitu kingine alichosema. Na mimi kweli nilijibu nimesikia. "Sasa hatutajua kama alikuwa na kichaa. Sindano azimalize zote, asikose hata moja. Na umwangalie. Akiogopa maji, akishindwa kumeza, usingoje kesho."

Tulirudi kwa miguu ndani ya mvua. Kijino kila akiona dimbwi anarukia, viatu, soksi, gauni, vyote. Siku nyingine ningemgombeza. Leo kila dimbwi alilorukia nilishukuru.

Baba yenu alikuwa nyumbani kwa chakula cha mchana. Nilimweleza nikiwa nimesimama, maji yananitiririka. Nikamwambia tumemuua paka na sasa hatujui kama tumemuua na mtoto. Nikasema mimi ndiye nilimshona kwenye gunia, mimi, neno la muuguzi liliingia hapa likatokea huku. Alikuwa ameinua kijiko. Akakirudisha kwenye sahani bila kula.

"Mama watoto, hebu vaa viatu."

"Twende wapi?"

"Vaa viatu."

Tukaenda karakana kwake. Nyuma, pale anapoegemeza mabati, alisogeza mawili. Kulikuwa na kizimba, amekichomelea kwa vyuma vya dirisha, mraba mraba, kazi nzuri kama ya mteja anayelipa. Ndani yake alikuwemo Karani. Jicho moja limevimba, mguu mmoja wa nyuma ameunyanyua. Ananitazama.

Nilikaa juu ya mtungi wa gesi. Nilidhani ni mzuka.

"Nilifika darajani," akasema. "Gunia likatulia, nikajua amekufa kwa zile nondo. Nikasema basi, nitupe tu. Halafu akalia. Si kama paka. Kama mtoto wa siku moja. Mkono ukakataa."

"Ukanidanganya."

"Nilikuona ulivyokuwa unashona lile gunia, mama watoto. Niliogopa kurudi naye."

Miaka ishirini na mbili nimeishi na mwanaume huyu. Siku zote mimi ndiye ninayewakinga ninyi na hasira zake, mimi ndiye ninayesema baba yenu ana moto, baba yenu msimsogelee. Na yeye siku nne amekuwa akimficha mnyama ili mimi nisimwone.

Nikamuuliza kama paka ana dalili. Anakunywa maji? Akasema anakunywa, anakula, anamuuma akimshika, lakini glavu ni nene. Moyo ukaanza kushuka mahali pake. Nikasema basi hana kichaa, basi mtoto hana neno. Nikataka kucheka.

"Kuna kitu kingine," akasema. "Nilikuwa natafuta namna ya kukificha. Lakini umeshafika."

Akavaa glavu, akafungua kizimba, akamkandamiza Karani chini kwa mkono mmoja. Kwa mkono mwingine akatenganisha manyoya ya shingoni. Harufu ndiyo ilinifikia kwanza. Kisha nikaona usaha, na ndani ya usaha nyama, na ndani ya nyama kitambaa. Mraba mdogo wa bluu na mweupe.

Ni sketi yako ya shule, binti yangu. Ulipoondoka mwezi wa tisa, Karani akiwa bado kitoto, ulisema, "Mama, asije akapotea." Nikakata ukosi wa kitambaa kutoka sketi yako ya zamani, nikamshonea shingoni kama utepe. Sikuweka kifungo, nilisema kifungo kitafunguka. Nilizishona ncha zake pamoja humo humo shingoni, Kijino amemshika miguu, kwa uzi wa magunia, mistari miwili. Baadaye manyoya yakarefuka sikukiona tena, nikadhani kilidondoka zamani. Hakikudondoka. Yeye alikua, chenyewe hakikukua, kikaingia ndani yake.

Kila sare ninayoshona naacha pindo. Mzazi akiniambia kata fupi namkatalia, namwambia mtoto anakua huyu, mwaka kesho utafungua pindo. Miaka kumi na tisa namwambia kila mzazi hivyo.

"Nimeujua mshono," baba yenu akasema.

Kila aliyemgusa shingo aliumwa. Bibi, nyuma ya masikio. Kijino, kwa mikono miwili. Na sisi tukampiga kwa ndala, kwa futi, kwa teke, kwa njaa, kwa nondo.

28 Machi

Daktari wa mifugo alifika karakana na pikipiki, matope mpaka kifuani. Akasema, "Mimi ni wa ng'ombe na mbuzi. Paka mnakula?" Baba yenu hakucheka. Daktari akaangalia shingo, naye akaacha kucheka.

Akamchoma sindano ya usingizi lakini akasema hawezi kuongeza, paka amekonda, moyo utasimama. Akajaribu kupitisha mkasi chini ya kitambaa, haukupita, ulikuwa mnene, ukawa unakata nyama. Akajaribu wembe, baba yenu akasema, "Unamchinja." Damu ilikuwa kila mahali, kwenye meza ya kazi, kwenye vumbi la chuma.

Nikamwambia daktari, "Nipishe." Nilikuwa nimebeba kile kijiti changu cha kufumulia, chenye ncha na kimeno. Nilijua fundo lilipo. Mimi huanza mshono kushoto na humalizia kushoto, chini kidogo, sijawahi kubadilisha. Nikaingiza ncha ndani ya nyama yake nikitafuta kwa kidole, sioni kitu, nasikia tu. Uzi wa kwanza ukakatika. Wa pili. Nilikuwa nahesabu kwa sauti bila kujua.

Kwenye uzi wa kumi na moja akaamka. Akageuza kichwa akaniuma hapa, kati ya kidole gumba na cha shahada, meno ya juu yakakutana na ya chini. Daktari akapiga kelele niachie. Baba yenu akamshika taya amfungue. Nikasema, "Mwache aume." Nikahamisha kijiti mkono wa kushoto, nikaendelea na kushoto, naye ananitafuna mkono wa kulia, mpaka mwisho wa mstari wa pili. Nikavuta. Kilitoka na sauti. Sitakueleza ilikuwaje.

Alipopumua pumzi ya kwanza bila kile kitu, meno yakalegea yenyewe.

Daktari akasema atapona kama usaha utakauka, na akipona ahasiwe, ndiyo dawa ya kukojolea nguo za watu. Mimi nimeshonwa mishono mitano kwa yule yule binti wa zahanati, naye kanichoma sindano zile zile za mtoto. Akauliza, "Na hii?" Nikamwambia hii ni haki yangu.

31 Machi

Sindano ya tatu ya Kijino. Anakunywa maji. Nilimwangalia glasi nzima.

3 Aprili

Siku kumi zimetimia. Karani hana kichaa. Nimemwambia muuguzi, akanikumbatia juu ya kaunta.

7 Aprili

Mkono haushiki mkasi. Shangazi yako ananisaidia kukata, anakata upande upande, halafu anasema ni mtindo. Amewakatalia wateja wake wiki nzima kwa ajili ya sketi zangu. Sikumjua hivi.

15 Aprili

Baba yenu kaniletea habari kama kila jioni: amekula dagaa, ameoga mwenyewe, kidonda kinafunga. Amemhamisha kutoka kizimba, sasa analala juu ya koti lake. Bibi amesikia kwamba yu hai. Akasema, "Ala, maji yenyewe yamemkataa." Kisha akauliza kama shingo inamuuma bado.

23 Aprili

Kijino ametolewa bandeji. Kovu litabaki. Ameomba kioo, kajitazama, akasema anafanana na daftari la mistari.

4 Mei

Mvua zinapungua. Sketi zote nimekabidhi.

Leo nilikuwa naanika nguo, nikamsikia Kijino nyuma ya nyumba anaongea peke yake. Nikachungulia. Ameshika kipande cha ile futi iliyovunjika, amemlaza mwanasesere wake wa vitambaa juu ya jiwe, anampiga. Anapiga kwelikweli, meno ameuma. "Uliambiwa usimshike! Hukuambiwa? Mkaidi wewe! Umemkasirisha Karani wa watu! Umemfanya akatupwa! Asiyesikia la mkuu!" Kichwa cha mwanasesere kilikuwa kimeshatoka.

Kumbe mwezi mzima na zaidi, mtoto huyu anajua kwamba ni yeye. Amebeba uso ule na kosa lile pamoja. Na sisi watu wazima wote tulijua la shingo, tukanong'onezana jikoni, tukasema mtoto hana haja ya kujua. Mimi ndiye niliyesema. Nilisema ni kwa ajili yake.

5 Mei

Sikufanya kitu. Niliogopa.

6 Mei

Nimemwambia.

Nilimkalisha kwenye kiti cha cherehani, mimi nikakaa chini ili anitazame kutoka juu. Nikamwambia kila kitu. Kitambaa, uzi, jinsi alivyomshika miguu akiwa hajui, nani alishona, jinsi kilivyozama. Nikamwambia Karani hakumuuma kwa sababu ya ukaidi wake, aliuma kwa sababu ya maumivu, na maumivu niliyaweka mimi. Nikamwambia la gunia pia. Nikamwambia yu hai, yuko karakana kwa baba.

Alinisikiliza mpaka mwisho, mguu unaning'inia haufiki chini. Nilingoja alie. Nilingoja anipige, kweli nilitega shavu.

Akafikiri. Kisha akauliza, kwa upole tu, kama mtu anayetaka hesabu itoke sawa:

"Karani alipigwa. Mimi Bibi alinifinya. Na wewe, Mama, nani alikuchapa?"



8 Mei

Lori linapita kesho asubuhi, dereva amesema nifunge daftari leo.

Mchana nyumba nzima tulimpeleka Kijino karakana. Alisimama mbali. Karani akaja mwenyewe, akajisugua kwenye soksi zake, akarudi kukaa. Kijino hakumshika. Akamwambia, "Shikamoo." Mimi nilipopiga hatua moja, Karani akanyanyua mgongo, akapuliza, makucha nje. Nikarudi nyuma. Anaruhusu wote sasa, hata Bibi, isipokuwa mimi. Baba yenu akataka kumfokea, nikamzuia.

Kijino anataka arudi nyumbani. Baba yenu anasema amuulize mwenye nyumba, akanionyesha mimi. Nami nasema mwenye paka ni wewe. Akirudi nitashona nikiwa nimevaa glavu, sijali. Akibaki karakana nitampelekea chakula mpaka mlangoni.

Lakini hilo unaweza kulijibu baadaye. Kitambaa nilikishona kwa sababu uliniomba asipotee, na mimi sikumpima. Sasa umesoma yote. Mpe dereva jibu akiwa anarudi, usingoje likizo, usingoje upate muda mzuri. Hata mstari mmoja. Hata kama ni wa kunichapa, mwanangu, niandikie upesi.

Mama yako.